Daktari Virginia Apgar, Rafiki wa Watoto Wachanga



Mtoto anapozaliwa hospitalini, kabla baba hajapelekewa habari na kabla shangazi hawajaanza kubishania jina, muuguzi mkunga humtazama yule mtoto kwa makini, kisha huandika katika karatasi zake namba fulani kati ya sifuri na kumi. Baada ya dakika chache humtazama tena na kuandika namba nyingine. Wako akina mama waliosikia namba hizo zikitajwa wakiwa bado kitandani, nane, tisa, pengine sita, wasijue maana yake. Mmoja hudhani ni uzito wa mtoto, mwingine hudhani ni saa aliyozaliwa.

Namba hizo huitwa alama za Apgar. Apgar ni jina la mtu, tena mwanamke, daktari wa Marekani aliyefariki mwaka 1974. Huyu hakuolewa wala hakuzaa, lakini ni vigumu kumtaja mtu mwingine wa karne ya ishirini aliyewafanya madaktari na wakunga wengi namna hii wamgeukie mtoto mchanga na kumtazama. Tumeona vema kueleza habari za maisha yake katika ukurasa huu, kwa kuwa wengi wetu ni wazazi na mababu na mabibi, nasi hatuna budi kumjua aliyewaangalia wajukuu wetu kabla sisi hatujawaona.

KUZALIWA NA MALEZI

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni, 1909, katika mji wa Westfield, jimbo la New Jersey. Alikuwa mtoto wa mwisho katika watoto watatu. Kaka yake mmoja alikufa kwa kifua kikuu angali mdogo, na yule mwingine alisumbuliwa na maradhi ya ngozi yasiyokwisha. Basi tangu utotoni alijua nyumba yenye mgonjwa inavyokuwa.

Baba yake, Bwana Charles Apgar, alikuwa mtu wa bima, lakini moyo wake ulikuwa katika majaribio ya sayansi. Alijitengenezea nyumbani mitambo ya redio, wakati ule ikiitwa simu ya upepo, na darubini za kutazamia nyota. Tena ilikuwa nyumba ya muziki. Virginia alifundishwa fidla tangu mdogo, na kupiga ala za nyuzi kulikuwa furaha yake mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1925 aliingia chuo cha wanawake cha Mount Holyoke kusoma elimu ya wanyama. Nyumbani fedha hazikuwa nyingi, kwa hiyo alisoma kwa msaada wa masomo na kwa kazi za mikono. Alihudumu mezani, alifanya kazi maktaba, na kazi moja iliyowachekesha watu ni ile ya kukamata paka wa mitaani kwa ajili ya maabara ya chuo. Pamoja na hayo alicheza michezo mingi, akapiga fidla katika okestra, na akafaulu. Sisi tuliofundisha miaka mingi tunamjua mwanafunzi wa namna hii. Huwa ni mmoja katika kila miaka kumi, na mwalimu hamsahau.

MLANGO ULIOFUNGWA

Septemba 1929 alianza kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Mwezi uliofuata soko la hisa la New York lilianguka, na nchi nzima ikaingia katika miaka ya shida kubwa. Virginia alikopa na kuendelea. Mwaka 1933 alimaliza akiwa wa nne katika darasa lake, huku akiwa na deni la karibu dola 4,000, ambazo kwa wakati ule zilikuwa fedha nyingi sana.

Nia yake ilikuwa kuwa daktari wa upasuaji. Alipata nafasi ya kujifunza kazi hiyo katika hospitali ya chuo chake, naye alikuwa na mikono mizuri. Lakini mkubwa wake, Daktari Allen Whipple, alimshauri aiache. Aliona kwamba wanawake aliowafundisha upasuaji kabla yake walishindwa kupata wagonjwa wa kutosha kujikimu, na katika miaka ile ya njaa hata wanaume walihangaika. Alimwelekeza kwenye kazi ya dawa ya usingizi, ile ambayo kwetu watu wengi huiita nusu kaputi. Wakati ule kazi hiyo ilifanywa zaidi na wauguzi, na madaktari wengi waliidharau. Lakini Daktari Whipple aliona mbali: upasuaji hauwezi kusonga mbele kama mtu anayemlaza mgonjwa hajui vizuri anachokifanya.

Tukisema kweli, huu ulikuwa mlango uliofungwa mbele ya binti mwenye uwezo, kwa sababu tu ni binti. Virginia alikubali ushauri, akaenda kujifunza kazi hiyo mpya kwa bidii ileile. Mwaka 1937 alikwenda Madison, jimbo la Wisconsin, kwa Daktari Ralph Waters, aliyekuwa mwalimu mkubwa wa kazi hiyo, kisha akajifunza katika hospitali ya Bellevue, New York. Kote alipata taabu ya mahali pa kulala, maana nyumba za madaktari vijana zilijengwa kwa ajili ya wanaume.

Mwaka 1938 alirudi Columbia kuongoza kitengo cha dawa ya usingizi. Kitengo kilikuwa na jina kubwa na watu wachache. Kwa miaka kadhaa alikuwa karibu peke yake, akilaza wagonjwa, akifundisha wanafunzi, na kutafuta vijana wa kujiunga naye. Kidogo kidogo kitengo kilikua. Mwaka 1949 kilipofanywa kuwa idara kamili, uongozi wa idara alipewa mwanamume, Daktari Emanuel Papper. Virginia alifanywa profesa kamili, mwanamke wa kwanza kufikia cheo hicho katika chuo hicho cha udaktari.

Mtu mwingine angeweza kununa mpaka astaafu. Yeye alichukua uprofesa wake akaingia nao katika wodi ya wazazi.

HALI YA MTOTO MCHANGA WAKATI ULE

Ili tuelewe alichokifanya, yafaa tujue hali ilivyokuwa. Katika Marekani ya miaka ile vifo vya watoto wadogo vilikuwa vimepungua sana kuliko zamani. Maji safi, maziwa safi na dawa mpya vilikuwa vimesaidia. Lakini vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza tangu kuzaliwa vilikuwa palepale.

Sababu moja ilikuwa wazi kwa mtu aliyesimama pembeni na kutazama, na daktari wa usingizi ndiye husimama pembeni na kutazama. Mtoto alipotoka tu, macho yote yaliendelea kumwangalia mama: damu, kondo la nyuma, mshono. Kufanya hivyo kulikuwa na maana, kwa kuwa mama aweza kufa. Mtoto alipewa muuguzi amfunge nguo. Kama alilia, vema. Kama alikuwa mdogo mno, au rangi yake ya samawati, au amelegea bila kulia, mara nyingi aliwekwa kando na kuandikwa kuwa amezaliwa mfu, hata kama moyo wake ulikuwa bado unapiga. Hapakuwa na kanuni iliyomlazimisha mtu yeyote kumtazama. Kila mmoja alimpima kwa maoni yake, na maoni hayaandikiki wala hayalinganishwi.

MAMBO MATANO

Husimuliwa kwamba asubuhi moja, wakati wa chakula cha asubuhi katika bwalo la hospitali, mwanafunzi mmoja wa udaktari alimwuliza Profesa Apgar jinsi ya kuipima hali ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Akajibu kwamba ni jambo rahisi. Akachukua kikaratasi kilichokuwa karibu, kile cha kuwakumbusha watu waondoe sinia zao mezani, akaandika mambo matano. Kisha akaondoka kwa haraka kwenda wodi ya wazazi kuyajaribu.

Mambo yenyewe ni haya, na kila moja hupewa alama sifuri, moja au mbili.

Kwanza, mapigo ya moyo. Kama hayapo, ni sifuri. Yakiwa chini ya 100 kwa dakika, ni moja. Yakizidi 100, ni mbili.

Pili, kupumua. Asiyepumua hupata sifuri. Anayepumua kwa shida, mara aanze mara aache, hupata moja. Anayelia kwa nguvu hupata mbili. Ndiyo maana kilio cha mtoto, kinachotusumbua usiku, ni muziki masikioni mwa mkunga.

Tatu, kushtuka anapoguswa, kama vile anaposafishwa pua au kupigwa kidogo nyayoni. Asiyeshtuka hata kidogo ni sifuri, anayekunja uso tu ni moja, anayelia, kupiga chafya au kuvuta mguu wake ni mbili.

Nne, nguvu za viungo. Aliyelegea kama kitambaa ni sifuri, aliyekunja mikono na miguu kidogo ni moja, anayejitupa na kurusha miguu ni mbili.

Tano, rangi. Aliye wa samawati au aliyepauka mwili mzima ni sifuri. Ambaye mwili una rangi nzuri lakini mikono na miguu bado ni ya samawati ni moja. Mwenye rangi nzuri kote ni mbili.

Jumla ni kumi. Siku hizi huhesabiwa kwamba mwenye saba hadi kumi yu salama, mwenye nne hadi sita anahitaji kuangaliwa na kusaidiwa, na mwenye tatu au chini yake yu katika hatari kubwa. Daktari Apgar alichagua kuhesabu dakika moja kamili baada ya mtoto kutoka, kwa sababu aliona kwamba katika kipindi hicho ndipo udhaifu wa mtoto huonekana zaidi. Baadaye ikaongezwa dakika ya tano, ili ijulikane kama msaada aliopewa umefaa.

Hakuna chombo cha bei kinachohitajika. Yanahitajika macho, masikio, vidole na saa yenye mshale wa sekunde. Kwa hiyo njia hii haikubaki katika hospitali kubwa za New York tu. Iliweza kufika hata zahanati yenye taa ya chemli.

KAZI YA UTAFITI

Wazo zuri si sayansi mpaka lijaribiwe, na Daktari Apgar alilijua hilo. Alieleza njia yake katika mkutano wa madaktari mwaka 1952, akaichapisha mwaka 1953. Katika taarifa ile ya kwanza walikuwamo watoto 1,021 waliopewa alama katika hospitali yake. Watoto 774 walikuwa na alama nane hadi kumi, na katika hao alikufa mmoja. Watoto 182 walikuwa na alama tatu hadi saba, na katika hao walikufa wawili. Watoto 65 tu walikuwa na alama sifuri hadi mbili, na katika hao walikufa tisa. Tuzitazame namba hizi polepole, kama tulivyowafundisha watoto kutazama jedwali la hesabu. Kundi dogo kuliko yote ndilo lililobeba vifo vingi. Basi alama ile ya dakika moja ilikuwa inasema kweli: ilionyesha ni nani wa kukimbiliwa.

Mwaka 1958 yeye na wenzake walitoa taarifa ya pili, safari hii wakiwa wamehesabu watoto zaidi ya 15,000, na mambo yakawa yaleyale.

Aliongeza na sharti moja ambalo sisi walimu tunalielewa vizuri. Anayetoa alama asiwe yule aliyemzalisha mama. Aliona kwamba mzalishaji, kwa kuwa kazi ni yake, humwona mtoto kuwa mzuri kuliko alivyo. Ni kama mwanafunzi aliyeachiwa asahihishe daftari lake mwenyewe.

Pia hakuficha kasoro za njia yake. Aliandika wazi tangu mwanzo kwamba rangi ndiyo dalili dhaifu kuliko zote tano, kwa kuwa ngozi ya mtoto hufunikwa na utando wa kuzaliwa, na kwa kuwa watoto wenye ngozi nyeusi hawaonyeshi rangi ile iliyozoeleka kwa Wazungu. Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Kwa watoto wetu, penye kutazamwa ni midomo, ulimi, fizi, viganja na nyayo, wala si ngozi ya kifua.

Kisha akaenda mbali zaidi ya kutazama kwa macho. Pamoja na Daktari Stanley James na Daktari Duncan Holaday, alipima damu ya watoto iliyochukuliwa katika mishipa ya kitovu. Hapo zamani wengi waliamini kwamba ni kawaida ya mtoto kuzaliwa akiwa na hewa haba katika damu, na kwamba hali hiyo haina madhara. Vipimo vilionyesha kwamba watoto wenye alama za chini walikuwa na upungufu wa oksijeni na damu iliyozidi asidi, na kwamba walihitaji kusaidiwa kupumua upesi, wala si kungojewa wazinduke wenyewe.

Katika kazi hiyo alikutana na jambo lililomgusa yeye mwenyewe. Ilikuwako hewa ya kulazia wagonjwa iitwayo saiklopropeni, ambayo yeye aliipenda kuliko nyingine na aliitumia sana kwa akina mama wanaojifungua. Alama zikaonyesha kwamba watoto wa mama waliopewa hewa hiyo walizaliwa dhaifu kuliko wengine. Alipoziona hesabu aliiacha. Hakutafuta sababu za kuitetea wala hakuomba muda. Tumeona watu wengi wenye elimu wakishindwa jambo hili. Mtu hutumia njia fulani kwa miaka ishirini, na ushahidi ukija dhidi yake huulaumu ushahidi.

Kuanzia hapo hospitali moja baada ya nyingine zilianza kutoa alama. Na kwa kuwa alama sasa ilikuwa imeandikwa, na kila mtu angeweza kuisoma, haikuwa rahisi tena kumwacha mtoto wa alama mbili kando ya chumba. Mtu angeulizwa, je, dakika ya tano alikuwa na ngapi? Ulifanya nini hapo katikati? Hivyo kuandika tu kuliwatia watu haya, na haya iliwatia bidii. Zikaja mbinu bora za kuwapumulisha watoto, na baadaye vyumba maalumu vya kuwatunza walio dhaifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja aliyewafundisha vijana alizigeuza herufi tano za jina Apgar ziwe kumbukumbu ya mambo yale matano kwa Kiingereza, na kuna wanafunzi waliomaliza shule bila kujua kwamba Apgar ni jina la mtu aliyeishi.

KAZI YA PILI

Mwaka 1959, akiwa na miaka 50, alikuwa anasoma tena. Alichukua shahada ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alikuwa tayari amehudhuria uzazi wa watoto zaidi ya 17,000, na swali lililomkaa moyoni lilikuwa juu ya wale waliozaliwa na ulemavu.

Mwaka huohuo alijiunga na shirika la March of Dimes. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1938 na Rais Franklin Roosevelt kupambana na ugonjwa wa polio. Chanjo ya polio ilipopatikana, lilielekeza nguvu zake kwa watoto wanaozaliwa na ulemavu, na Daktari Apgar akapewa kuongoza kazi hiyo. Alizunguka nchi nzima akihutubia na kutafuta fedha za utafiti. Kuliko yote, alizungumza waziwazi juu ya jambo ambalo familia nyingi zililifunika kwa aibu. Mwaka 1972, pamoja na mwandishi Joan Beck, alitoa kitabu cha kuwaeleza wazazi mambo hayo kwa lugha nyepesi.

Sisi pia tunajua habari za mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Tumewahi kuandikisha watoto wa darasa la kwanza na kuambiwa na majirani, kwa sauti ya chini, kwamba katika nyumba ile yuko na mwingine. Daktari Apgar alifundisha kwamba ulemavu wa kuzaliwa una sababu zinazoweza kuchunguzwa, na kwamba mama si wa kulaumiwa.

Katika miaka ya 1964 na 1965 ugonjwa wa rubela ulienea sana Marekani. Kwa mtu mzima ni maradhi madogo yanayofanana na surua, lakini ukimpata mama mwenye mimba changa waweza kumwumiza mtoto tumboni, akazaliwa kipofu, kiziwi au na ugonjwa wa moyo. Watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara hayo. Chanjo ilipopatikana, mwaka 1969, Daktari Apgar alikuwa miongoni mwa waliohimiza itolewe kwa wote. Hapa Tanzania chanjo ya surua na rubela kwa pamoja ilianza kutolewa mwaka 2014, na wazazi waliowapeleka watoto wao kliniki walifaidi vita hivyo.

TABIA YAKE

Alikuwa mwepesi wa mwendo na wa maneno, mcheshi, asiyependa kupoteza wakati. Alitembea na kisu kidogo na mrija wa kupitishia hewa katika mkoba wake, asije akamkuta mtu barabarani ameshindwa kupumua naye akakosa cha kumsaidia. Alipokuwa na zaidi ya miaka 50 alijifunza kurusha ndege, akatamani siku moja apite chini ya daraja kubwa la New York.

Muziki hakuuacha. Mgonjwa wake mmoja, Bibi Carleen Hutchins, mwalimu na fundi wa ala za nyuzi, alimfundisha kuzitengeneza. Huko ndiko kunakotoka kisa kinachosimuliwa mpaka leo. Katika ukumbi wa hospitali kulikuwa na kibanda cha simu chenye ubao mzuri sana wa kuwekea vitu, ubao unaofaa kabisa kwa mgongo wa ala waliyokuwa wakiitengeneza. Waliomba kuununua wakanyimwa. Basi usiku mmoja wa mwaka 1957 bibi hao wawili waliingia na zana zao, wakautoa ubao ule, wakaweka mwingine badala yake. Hatukiandiki kisa hiki kuwa mfano wa kufuatwa na vijana wetu! Tunakiandika ili msomaji asidhani kwamba tunamsifu malaika. Alikuwa mtu wa mwili na damu.

MWISHO WA SAFARI

Daktari Virginia Apgar alifariki tarehe 7 Agosti, 1974, mjini New York, kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 65. Alikufa katika hospitali ileile alikosomea kazi yake. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake, na katika sherehe yake madaktari wa watoto walipiga muziki kwa ala alizozitengeneza kwa mikono yake.

YANAYOTUHUSU SISI

Kazi yenyewe haijaisha. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 watoto milioni 2.3 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengi wa watoto wa namna hii huzaliwa katika nchi kama zetu, na wako wanaokufa kwa sababu hakuna aliyewasaidia kupumua katika dakika ya kwanza.

Lakini tunayo na habari njema ya hapa nyumbani. Kuanzia mwaka 2009 wakunga wa hospitali 8 za Tanzania walipewa mafunzo mafupi ya kumsaidia mtoto apumue: kumkausha, kumsugua, na asipolia kumpumulisha kwa mfuko na kinyago, yote ndani ya dakika moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, yaani karibu nusu. Mashine kubwa hazikuletwa. Wakunga walewale walifundishwa na kufanyishwa mazoezi, na dakika ya kwanza ikatumika vizuri. Ndiyo maana siku hizi wakunga hufundishwa wasingojee dakika iishe ndipo waanze kusaidia. Alama huandikwa, lakini mikono huanza mapema.

Tungependa kuongeza neno moja kwa wazazi, maana limewahi kuleta machozi bure. Alama ya Apgar si alama ya akili, wala si utabiri wa maisha. Mtoto aliyepata nne dakika ya kwanza na tisa dakika ya tano amesaidiwa akasaidika, na mama hana sababu ya kumtazama kwa mashaka mpaka afike darasa la saba. Mitihani tuliyosahihisha sisi iliwapanga watoto, huyu wa kwanza na huyu wa mwisho. Mtihani huu haumpangi mtoto. Unamwambia mtu mzima aliyesimama karibu naye afanye nini, na akifanye upesi.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Bibi huyu hakuwa mzazi, lakini aliona kwamba katika chumba kilichojaa watu wenye elimu, mmoja alikuwa hatazamwi, naye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Basi mama mjamzito akiwamo nyumbani mwako, mpeleke kliniki mapema, na siku zikikaribia uwe umetafuta usafiri na nauli, ili ajifungulie mahali penye mtu wa kumtazama mtoto wake. Na ukikutana na mkunga njiani, anatoka zamu ya usiku, msalimie kwa heshima. Huenda alfajiri hii amekwisha kutoa alama kwa watoto watatu.